Nyegere wa Kiirua na Baja wa Gloucestershire

Februari, Kiirua

Mzinga ulikuwa umelala chini ya mgrevilea, ubao wa ubavuni umeng'olewa na masega yametapakaa juu ya majani makavu. Nilichuchumaa nikaokota kipande kimoja. Asali bado ilikuwamo, nzito, nyeusi kidogo, na nyuki wachache waliokosa pa kwenda walikuwa wakitambaa juu yake. Kilichokosekana ni majana. Kila sega lililokuwa na watoto wa nyuki lilikuwa limetafunwa likabaki nta tupu, na asali ya pembeni imeachwa, kama mchuzi unavyoachwa na mtu aliyeijia nyama.

"Watu husema nyegere anafuata asali," mwenyeji wangu alisema. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Asali ameniachia mimi."

Mwenyeji wangu ni mzee aliyepita miaka sabini, mkulima wa viazi na ngano. Ana mizinga kumi na minane. Mingine ni ya magogo aliyoachiwa na baba yake, mingine ni ya mbao yenye vijiti vya juu, ile aina iliyobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970 ikaenea nchi nyingi za Afrika. Tangu Krismasi amepoteza mitatu. Asali huku si kitoweo tu. Katika mahari ya Wameru chombo cha asali huhesabiwa pamoja na mtamba, fahali, kondoo jike na kondoo dume, na mzee ana mjukuu wa kiume anayetarajia kupeleka watu kwa wakwe mwaka huu. Aliponionyesha mzinga ule sauti yake haikupanda, lakini alizunguka mti mara mbili kabla hajasema neno.

Shina lilikuwa na mikwaruzo mirefu iliyochimba gome mpaka kwenye mti wenyewe. Kucha za miguu ya mbele ya nyegere hufika urefu wa sentimita nne, na anapanda kwa kuukumbatia mti, si kwa kuruka kama chui. Chini, penye vumbi, nyayo zilionekana wazi: vidole vitano, na mbele ya vidole, mbali kidogo, vitone vya kucha. Mbwa ana vidole vinne na kucha zake hukaa karibu. Mzee alinifundisha tofauti hiyo kwa ncha ya fimbo yake, na tangu siku ile sijaacha kutazama vumbi ninapotembea.

Kiirua iko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, pale mlima unapoteremka kuelekea nyanda kavu za Isiolo. Matatu ilinishusha karibu na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Theresa, nikatembea kilichobaki. Ukisimama katika mashamba ya juu, mgongoni una msitu na baridi, na mbele yako ardhi inashuka ikibadilika rangi, kutoka kijani cha viazi hadi hudhurungi ya migunga. Mimi ni mtu wa pwani, niliyezoea nchi tambarare na hewa ya namna moja, na ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba hapa mtu anaweza kushuka kwa miguu kutoka sweta hadi jasho kabla ya chakula cha mchana. Nyegere hufanya safari hiyo usiku.

Mwaka wa huku hauna majira manne. Una mvua za Machi hadi Mei, baridi kavu ya katikati ya mwaka, mvua za Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi cha Januari na Februari. Baada ya mvua za mwisho wa mwaka miti huchanua, nyuki huleta chavua nyingi, malkia hutaga bila kupumzika na masega hujaa majana. Ndipo mfugaji anapoanza kunoa kisu cha kurinia. Ndipo nyegere naye anapofika. Methali isemayo fuata nyuki ule asali ameitimiza yeye kuliko sisi tulioitunga.

Aprili, Gloucestershire

Dada yangu mkubwa ni muuguzi magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Gloucestershire, karibu na mji wa Stroud. Bustani yake ndogo inaishia kwenye ukingo wa udongo wenye miti ya miiba, na ndani ya ukingo huo wanaishi majirani ambao yeye huwajua kuliko watu wa nyumba ya pili. Ni wanyama wanaoitwa na Waingereza baja, nami nitawaita hivyo, kwa kuwa Kiswahili hakikuwahi kuishi nao. Kamusi nyingine huwaita nyegere. Si kosa kubwa, ila wawili hao ni binamu wa mbali. Wote wamo katika familia moja na fisi-maji na kicheche, lakini nyegere yuko peke yake katika tawi lake. Jina lake la kisayansi, Mellivora capensis, maana yake ni mla asali wa Rasi, na masega yale ya Kiirua yalikuwa yamenionyesha kwamba aliyempa jina hilo hakuchungulia vizuri.

"Kaa kimya, zima simu," dada aliniambia saa mbili kasoro za usiku, mwanga ukiwa bado upo. Tulikaa dirishani na chai. Kwanza kikatokea kichwa chenye mistari mitatu myeupe, pua ikipapasa hewa. Kisha cha pili. Kisha watoto watatu wakamwagika nje kwa pamoja, wakaanza kuangushana kwenye nyasi.

Watoto wale walikuwa wa miezi miwili hivi. Baja wa Uingereza huzaliwa zaidi mwezi Februari, chini ya ardhi, na hutoka nje mara ya kwanza Aprili. Jambo la ajabu liko nyuma ya kuzaliwa huko. Mama anaweza kupandwa karibu mwezi wowote wa mwaka, lakini kijusi hukaa tumboni kikielea, bila kushika ukuta wa mji wa mimba, mpaka siku zinapokuwa fupi kabisa mwezi Desemba. Hapo ndipo mimba inaposhika na kuhesabiwa, wiki saba tu. Mwili wa mama unasubiri majira, ili watoto watoke nje wakati udongo umelainika na minyoo iko juu.

Nyegere hana subira hiyo kwa sababu haihitaji. Anazaa mwezi wowote. Mimba yake ni ya siku hamsini hadi sabini, na mtoto huwa mmoja. Colleen na Keith Begg, mke na mume waliofuata nyegere katika jangwa la Kalahari mwishoni mwa miaka ya 1990, mpaka wanyama wakazoea kufuatwa, waliona mtoto akikaa na mama yake mwaka mzima na zaidi kabla ya kuachwa ajitegemee. Baba hashiriki. Mama humbeba mwanawe mdomoni kutoka shimo hadi shimo, kila baada ya siku chache, maana chakula kilichoko karibu na shimo huisha upesi na wenye meno wengine hunusa.

Hapa ndipo nilipoweka kalamu chini nikafikiri juu ya nyumba. Baja ana nyumba ya ukoo. Mashimo yale ya ukingoni, dada aliambiwa na wenyeji, yalikuwapo kabla ya babu zao. Wapo watafiti waliofukua na kupima nyumba moja ya baja huko Uingereza wakakuta njia za chini zenye urefu wa mita 879 na milango 178. Watoto hurithi vyumba. Asubuhi yenye jua, hata katikati ya baridi, baja hutoa matandiko yao ya nyasi nje, na jioni huburuta mapya kinyumenyume, wameyakumbatia kwa kidevu na mikono. Choo huchimbwa mbali na mlango. Ukoo mzima, watano, sita au zaidi, unaweza kuishi ndani ya eneo lisilofika kilomita moja ya mraba.

Dume mmoja wa nyegere huko Kalahari huzunguka zaidi ya kilomita za mraba 500. Kaunti nzima ya Nairobi ni 696. Hana chumba, hana matandiko, hana jirani. Jua likimkuta mahali, anachimba hapo hapo, dakika chache tu, akalala. Kesho yake hutamkuta. Nilipomsimulia mzee wa Kiirua habari hizi baadaye, alitikisa kichwa kwa mshangao, ila mshangao wake ulikuwa juu ya baja. Mnyama anayerithisha nyumba kwa wajukuu alimgusa moyo.

Julai, Kiirua na Lewa

"Muuga!" mzee aliniita kutoka mbali, nikaitikia salamu hiyo ya Kimeru kwa meno yanayogongana. Baridi ya Julai upande huu wa mlima ni ya upepo mkavu. Nyuki hutoka saa nne za asubuhi na kurudi mapema, na mizinga ya sehemu za juu ni myepesi kama tumbo la mtu aliyefunga. Majana ni machache. Nilidhani basi nyegere amehama.

Mke wa mzee ndiye aliyenisahihisha. Alinipeleka shamba la viazi, lililokuwa limechimbwa mashimo kama watu wametafuta dhahabu. Fuko ndiye adui wa kwanza wa viazi katika nchi hizi. Anakaa chini, anakata mizizi, anavuta kiazi ndani, na mkulima hujua tu shina linaponyauka. Yuko kijana kijijini anayeishi kwa kutega fuko kwa fimbo iliyopindwa na waya, analipwa kwa kila mkia anaouonyesha. Usiku ule, mama alisema, alikuja mtegaji asiyedai malipo. Shimo moja lilikuwa refu kuliko mkono wangu, lenye alama za kucha pande zote mbili, na mwisho wake tope la njia ya fuko iliyobomolewa.

"Mzee analia mizinga," mama alisema huku akifukia shimo kwa mguu. "Mimi nahesabu viazi. Usimwandike mwizi peke yake, mwanangu."

Nimeandika kama alivyosema. Watafiti wa Kalahari waliorodhesha aina zaidi ya hamsini za viumbe ambavyo nyegere alikula mbele ya macho yao: panya, mijusi, nge, nyoka, ndege, mabuu. Nyuki walikuwa sehemu ndogo tu. Hata saa zake za kazi hubadilika na majira. Wakati wa joto hutembea usiku, na miezi ya baridi huko kusini hutoka mchana, jua likiwa limepasha ardhi joto na chakula kikitembea. Baja hufanya kinyume. Baridi ikizidi anarudi ndani akalala siku kadhaa mfululizo, akila mafuta aliyojiwekea mwilini, na kule Skandinavia na Urusi usingizi huo huweza kufika nusu ya mwaka. Mmoja hukutana na njaa kwa kulala, mwingine kwa kutembea.

Nilimwona nyegere kwa macho yangu siku iliyofuata, chini, katika hifadhi ya Lewa. Lewa haiko mbali na Kiirua, na pamoja na msitu wa Ngare Ndare wenye mitarakwa na mizeituni ya porini imeunganishwa na Mlima Kenya kuwa urithi mmoja wa dunia tangu mwaka 2013. Ilikuwa yapata saa moja na nusu ya asubuhi, umande ukiwa mwingi. Dereva alipunguza mwendo, akanyoosha kidole bila kusema.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Hadithi zote nilizowahi kusikia zilinifanya nitarajie mnyama wa kimo cha mbwa mkubwa, na hapa palikuwa na kiumbe wa magotini, mwenye tumbo linalokaribia kuzoa ardhi, mweusi chini, na mgongoni kama amejifunika shuka ya kijivu yenye pindo jeupe. Alikwenda kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Mkia juu. Pua chini. Alisimama, akachimba kwa pumzi tatu, akatoa kitu kidogo akakitafuna, akaendelea. Gari letu hakulitazama hata mara moja. Juu ya mgunga, mita ishirini nyuma yake, kipanga wa kijivu mwenye miguu myekundu alikuwa akihama mti hadi mti akimfuata. Jambo hilo liliandikwa Kalahari pia. Ndege wa jamii hiyo humfuata nyegere, kwa sababu panya anayekimbia shimo linalochimbwa hutokea upande wa pili, mbele ya makucha mengine.

Nilikaa na picha hiyo siku nzima. Ngozi yake ni nene shingoni na imelegea, hivi kwamba akishikwa mgongoni anaweza kujigeuza ndani ya ngozi yake mwenyewe na kumuuma aliyemshika. Sumu ya swila haimwingii kama inavyotuingia sisi. Mwaka 2015 wanasayansi walionyesha kwamba pale kwenye misuli ambapo sumu ya swila hushikamana na mwili, nyegere ana mabadiliko madogo yanayoizuia isishike. Nguruwe na kalunguyeye wamepata kinga kama hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Sumu ya kifutu ni ya namna nyingine, na huko Kalahari nyegere mmoja aliyeumwa na kifutu alilala kama mfu kwa muda wa saa mbili hivi, kisha akaamka akamaliza kumla nyoka. Wapo wanaoamini kwamba hata manyoya marefu ya kijivu mgongoni mwa mtoto wa duma yapo ili simba na fisi wamdhanie nyegere wakapite mbali. Duma wapo Lewa pia. Nilipowaza kwamba mnyama mwenye kasi kuliko wote huenda anawavisha wanawe vazi la huyu mfupi wa magotini, nilimheshimu zaidi.

Jioni tulizungumza juu ya mlembe. Watoto wa shule Afrika Mashariki yote wamesomeshwa kwamba ndege huyo humwongoza nyegere mpaka kwenye mzinga, nyegere akavunja, wakala pamoja. Kwamba mlembe humwongoza binadamu hakuna shaka. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Adan Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao kati ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Bila ndege, wavunaji walichukua wastani wa saa 8.9 kupata kiota cha nyuki. Wakiongozwa na mlembe, saa 3.2. Habari ya nyegere ndiyo iliyokosa mashahidi. Mwaka 2023 watafiti waliwauliza karibu wavunaji asali mia nne katika nchi tisa za Afrika, na wengi sana walisema hawasadiki. Ila Tanzania palikuwa na jamii zilizosema tofauti, na kati ya Wahadzabe wanaozunguka Ziwa Eyasi asilimia 61 walisema wamewaona wawili hao wakishirikiana.

"Mlembe namjua," mzee alisema baada ya kunyamaza. "Nyegere namjua. Sijawaona njia moja. Lakini Mhadzabe analala msituni, mimi nalala kitandani. Simwiti mwongo."

Oktoba, Gloucestershire

Majani yanaanguka, na baja wa dada yangu wamekuwa mviringo. Sasa wanakula kama wanaolipwa: matufaha yaliyoanguka, karanga za msituni, mabuu ya nyigu, na minyoo, minyoo daima. Usiku mmoja wa mvua baja anaweza kula minyoo mia mbili. Kiangazi kikiwa kikali udongo hukauka, minyoo huzama chini, na watoto wa mwaka huo hufa njaa kwanza. Yaani mvua inatawala huko pia, ila imejificha nyuma ya baridi.

Jirani wa dada ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alitukaribisha jikoni kwake, akatumiminia chai, na hakutaka kuzungumza juu ya kitu kingine. Mwaka uliotangulia daktari wa mifugo alipima ng'ombe wake kifua kikuu na kumi na mmoja wakakutwa na dalili. Walichinjwa wote, mmoja akiwa na mimba kubwa. Aliwataja kwa majina. Dada yangu, ambaye huwapa baja karanga kila jioni, alikaa akitazama kikombe chake.

Mkasa huo una umri mrefu, na ulianzia hapa hapa. Mwaka 1971, Gloucestershire, alipatikana baja aliyekufa akiwa na kifua kikuu cha ng'ombe, na tangu hapo mnyama huyu amekuwa mshitakiwa. Katika bonde la Woodchester, mwendo mfupi kutoka kwa dada, baja wamekuwa wakikamatwa, kupimwa na kuachiwa tangu miaka ya 1970. Serikali ilifanya jaribio kubwa lililoanza mwaka 1998, baja elfu kumi na moja hivi wakauawa, na mwaka 2007 jopo la wanasayansi walioliongoza likasema kuua hakutasaidia kwa kiasi cha maana. Sababu moja inarudi kwenye nyumba ile ya ukoo. Ukiua nusu ya ukoo, waliobaki hutawanyika, mipaka huvunjika, na wagonjwa hufika mahali ambapo hawakuwahi kufika. Hata hivyo, mwaka 2013 uuaji wa kibali ulianzishwa magharibi mwa Gloucestershire na Somerset, ukaenea, na katika miaka kumi baja zaidi ya 230,000 waliuawa. Mwaka 2024 serikali mpya ilitangaza kwamba itaukomesha kabla ya bunge lake kumaliza muda. Chanjo ya baja ipo na inatumika katika baadhi ya maeneo.

Uchungu wa mfugaji yule ni wa kweli. Nimekaa jikoni kwake, nimeuona. Lakini hukumu yangu ni kwamba nchi yenye fedha na maabara kama ile ilikuwa na miaka mingi ya kuitengeneza chanjo na kuwalinda ng'ombe, na ikatumia sehemu kubwa ya miaka hiyo kubishana juu ya bunduki.

Katika daftari langu nimeandika pembeni pia habari ya Basra, Iraki, ambako nyegere naye alishitakiwa. Nyegere hakomei Afrika; anaishi Oman, Uarabuni, Iraki, mpaka India. Mwaka 2007 wakazi wa Basra waliamini kwamba askari wa Kiingereza wamewaachia mjini wanyama wala watu, mpaka msemaji wa jeshi akalazimika kukanusha hadharani. Walikuwa nyegere wa nchi hiyo hiyo. Watu walikuwa wamesahau kwamba wanaishi nao.

Novemba, Kiirua

Mvua. Barabara ya kwa mzee imegeuka uji, na nilifika nikiwa nimebeba viatu mkononi. Viazi vimepandwa, miteremko yote ni kijani, na mlima haujaonekana kwa siku nne. Nyuki wameanza kujaza. Kwa miezi miwili ijayo mzinga utakuwa na kila kitu ambacho nyegere anakitaka.

Mwezi wa nane kijana mmoja alimshauri mzee apake asali sumu ya wadudu na kuiacha chini ya miti. Wapo waliofanya hivyo maeneo mengine. Sumu haichagui. Huua nyegere, mbwa wa jirani, kipanga atakayekula panya, na nyuki wenyewe wanaokuja kuokota asali iliyomwagika, wakaipeleka mzingani ambako mtu ataila. Mzee alikataa kwa sababu ya nyuki. Mama alikataa kwa sababu ya fuko.

Badala yake walifanya kazi ya mikono kwa wiki mbili, nami siku ya mwisho nilishika waya. Nguzo mbili za mkaratusi zinasimikwa, urefu unaopita kichwa. Kila nguzo inavikwa bati laini sehemu ya katikati, upana wa mkono, ili kucha zikose pa kushika. Waya unapitishwa juu, na mzinga unaning'inizwa katikati, zaidi ya mita moja kutoka ardhini na mbali na nguzo na matawi. Mzinga wa kuning'inia ukipigwa kumbo unabembea tu. Nyegere anahitaji kitu kilichotulia ili avunje. Afrika Kusini wafugaji nyuki wengi walifikia uamuzi kama huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliinua mizinga juu ya vichanja au kuifunga kwa mikanda, na asali yao ikauzwa madukani ikiwa na alama ya kwamba hakuna nyegere aliyeuawa kwa ajili yake. Wanunuzi waliitafuta. Asali ya Meru, Tharaka na Mbeere inaweza kubeba alama kama hiyo, na ningependa chama cha ushirika chochote cha huku kianze.

Mzee hakuiteremsha mizinga ya magogo ya baba yake. Ile imekaa juu ya miti yake, imefungwa waya mara mbili, na mashina yake yamevikwa bati. Kumi na miwili iliyobaki inaning'inia kwenye nguzo.

Asubuhi ya kuondoka kwangu mvua ilikuwa imekatika usiku. Mzee aliniita tukaenda kutazama. Chini ya mzinga wa tatu, katika tope laini, palikuwa na nyayo: vidole vitano, na mbele yake vitone vya kucha. Zilizunguka nguzo ya kwanza, zikaenda ya pili, zikarudi. Kwenye gome chini ya bati palikuwa na mikwaruzo mibichi. Kisha nyayo zilishika njia ya shamba la viazi. Mzinga ulikuwa ukinguruma kwa ndani, mzima.

Wewe mwenye mizinga, iwe Kiirua, Kiritiri au Kibwezi, ining'inize kabla mvua hizi hazijaisha, na sumu iache dukani.